Kuingiza programu ya simu katika tiba ya matatizo ya ulaji: mwongozo kwa timu ya kliniki

Programu ya simu katika tiba ya matatizo ya ulaji ni daftari. Inatofautiana na daftari la karatasi kwa mambo mawili: inaandika saa yenyewe, na mtu wa pili anaweza kuifungua kabla ya kikao. Karibu kila faida na kila balaa tutakayoitaja hapa chini inatokana na hayo mawili. Kwa hiyo timu inayoanza kwa kuuliza "tutumie programu ipi?" imeanza katikati. Swali la kwanza ni nani atasoma kinachoandikwa, lini, na akishasoma afanye nini.

Mwongozo huu ni wa madaktari, wauguzi, wanasaikolojia na wataalamu wa lishe wanaotibu anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa), bulimia (kula kupindukia kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kufidia) na ulaji wa kupindukia, ambao wameamua au wanafikiria kuongeza simu kwenye kazi yao. Mtu anayeugua asiutumie kujitibu peke yake.

Hatua ya 1: Ipe programu kazi moja

Katika tiba ya utambuzi na tabia kwa matatizo ya ulaji, ile iliyoendelezwa na Christopher Fairburn huko Oxford, mgonjwa hujiandikia kila anachokula na kunywa tangu mwanzo wa tiba. Fomu yake ya karatasi ina safu chache: saa, chakula na kinywaji, mahali, alama ya nyota pale mgonjwa anapoona amekula kupita kiasi, safu ya kujitapisha, dawa za kuharisha au mazoezi, na nafasi ya kuandika kilichokuwa kinaendelea kichwani na mazingirani. Hiyo ndiyo kazi ya programu. Semi za kutia moyo, jukwaa la watumiaji, maua yanayochanua ukiandika mlo, yote hayo ni nyongeza, na nyongeza nyingi tutazizima.

Kwa nini basi tusibaki na karatasi? Kwa sababu ya saa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliweka vitambuzi vya mwanga vinavyorekodi daftari limefunguliwa lini, bila wagonjwa kujua, ndani ya madaftari ya watu wenye maumivu sugu. Fomu walizorudisha zilionyesha kwamba wameandika kwa wakati kwa asilimia 90. Vitambuzi vikaonyesha kwamba ukweli ni asilimia 11. Kundi lililotumia kifaa cha mkononi chenye kengele na muhuri wa saa lilifikia asilimia 94. Watu hawakuwa waongo. Walijaza baadaye kwa mkupuo, kama wanavyofanya wengi waliopewa fomu. Na kumbukumbu iliyojazwa baada ya siku tatu imeshapoteza kile tunachokitafuta, yaani hali ya mtu dakika kumi kabla ya kuanza kula.

Andikeni kazi hiyo kwa sentensi moja kwenye itifaki yenu. Kwa mfano: "Programu inatumika kuandika milo, mazingira na tabia kwa wakati, ili zijadiliwe kikaoni." Mtu akija baadaye na wazo la kuitumia pia kutuma majibu ya vipimo, kupanga miadi na kuongea na mgonjwa usiku, mrudisheni kwenye sentensi hiyo.

Hatua ya 2: Amueni nani anasoma, lini, na anajibu nini

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo msiharakishe.

Anzeni na hesabu. Kliniki yenye wagonjwa 30 wanaoandika, kila mmoja asomwe mara mbili kwa wiki, dakika tatu kila mara: hizo ni dakika 180, yaani saa tatu kamili za mtu mmoja kila wiki. Saa hizo ziwekwe kwenye ratiba kwa jina la mtu. Zisipowekwa, mtaalamu atasoma akiwa kwenye foleni au kitandani usiku, na baada ya miezi miwili ataacha. Mgonjwa ataona. Baadhi ya programu humwonyesha kama kumbukumbu yake imefunguliwa, na mtu aliyeandika kwa aibu kubwa kwamba amejitapisha, kisha akakaa siku tano bila mtu kuifungua, amejifunza kitu kibaya kuhusu kusema ukweli.

Kama saa tatu hazipo, punguzeni. Kusoma mara moja, nusu saa kabla ya kikao, kunatosha kabisa kitiba, na kuna timu zinazofanya vizuri hivyo. Hata kutosoma kabla na kufungua pamoja na mgonjwa kikaoni ni utaratibu halali. Kinachoharibu ni kuahidi kimoja na kufanya kingine.

Halafu majibu. Wekeni kanuni kwamba anayesoma hajibu kwa maandishi, au anajibu kwa sentensi moja isiyo na hukumu: "Nimeiona ya Jumanne, tuiongee Ijumaa." Kisingizio cha kujibu marefu ni huruma, lakini ujumbe ni kikao kisicho na mwanzo wala mwisho. Pongezi nazo zina mtego. "Hongera kwa kumaliza mlo wote!" inamfundisha mgonjwa kuandika yale yatakayopongezwa, na mwenye anoreksia anaweza kuisikia kama "umekula sana".

Jambo la mwisho ni hatari kwa mgonjwa. Programu haioni potasiamu iliyoshuka kwa kujitapisha, haisikii moyo unaopiga polepole, haijui kama mtu amezimia bafuni. Uchunguzi wa mwili na vipimo vya damu vinaendelea kwa ratiba ileile kama programu isingekuwepo. Hilo liandikwe, kwa sababu daktari wa nje akisikia kwamba mgonjwa "anafuatiliwa kila siku kwa simu" anaweza kuahirisha kipimo.

Karatasi ya makubaliano iwe na maneno ya wazi kama haya, kwa herufi kubwa kidogo:

"Unachoandika hapa hakisomwi papo hapo. Tunakifungua Jumatatu na Alhamisi, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Ukizimia, ukipata maumivu ya kifua, moyo ukienda ovyo, ukitapika damu au ukipata mawazo ya kujiua, usiandike hapa. Piga simu ya dharura au nenda hospitali iliyo karibu."

Chini yake kuna nafasi ya namba mbili: ya dharura na ya kliniki. Mgonjwa aziingize kwenye simu yake palepale. Na kwa upande wenu, amueni mapema mnafanya nini mkikuta sentensi ya kutisha Alhamisi saa 4 kuhusu Jumanne usiku: nani anapiga simu, anajaribu mara ngapi, na akikosa anamtafuta nani. Baadhi ya programu zina ndani yake dodoso la PHQ-9, la dalili za sonona, ambalo swali lake la 9 linauliza mawazo ya kujidhuru au kufa. Kama hakuna mtu wa kusoma jibu siku ileile, zimeni dodoso hilo na muulize ana kwa ana.

Hatua ya 3: Chagueni programu

Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kina mfano wa kutathmini programu wenye ngazi tano: ni ya nani na inapatikanaje, faragha na usalama, msingi wa kitabibu, urahisi wa kutumia, na kama data inaweza kurudi kwenye tiba. Mpangilio huo unafaa kwa sababu programu ikianguka kwenye faragha hamna haja ya kuendelea kutazama rangi zake.

Kwa matatizo ya ulaji, ongezeni maswali haya juu ya ngazi hizo:

Je, inaweza kuandika mlo bila namba? Hili ndilo la kwanza. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kupunguza uzito, hata ukiificha kalori, bado imejengwa juu ya kalori. Namba hurudi baada ya sasisho, au hujitokeza unapotafuta jina la chakula. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwauliza watu 105 waliogunduliwa na matatizo ya ulaji kuhusu programu moja maarufu ya kuhesabu kalori. Takriban asilimia 75 waliwahi kuitumia, na kati ya hao asilimia 73 walisema ilichangia tatizo lao. Kwa hiyo msichukue programu ya lishe ya kawaida na kujidai mtaipindisha.

Je, mnaweza kuzima vipengele kimoja kimoja kwa kila mgonjwa? Uzito, grafu, jukwaa, medali, siku mfululizo. Kama jibu ni "vyote au hakuna", tafuteni nyingine.

Je, kuna roboti ya mazungumzo ndani? Mwaka 2023 NEDA, shirika la Marekani linalohudumia watu wenye matatizo ya ulaji, liliiondoa roboti yake iitwayo Tessa baada ya kugundulika kwamba iliwapa watu wenye matatizo ya ulaji ushauri wa kupunguza uzito. Chombo kilichopitishwa na wataalamu wa ugonjwa huu kilifika huko. Kama roboti ipo na haizimiki, achaneni nayo.

Je, muhuri wa saa una pande mbili? Yaani saa ya kula na saa ya kuandika, zote zionekane kwa msomaji. Programu inayoonyesha moja tu imepoteza faida iliyotufanya tuache karatasi.

Je, inafanya kazi bila intaneti, na inahifadhi hadi mtandao urudi? Mtu asipoweza kuandika wakati ule, haandiki tena.

Kuhusu faragha, someni sera yenyewe, siyo ukurasa wa matangazo. Mwaka 2023 kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni ya BetterHelp iliamriwa na mamlaka za Marekani kulipa dola milioni 7.8 kwa tuhuma kwamba iligawa taarifa za wateja wake kwa makampuni ya matangazo, ikiwemo Facebook, wakati iliwaahidi faragha. Tafuteni majibu ya mambo manne: data inakaa katika nchi gani, nani nje ya kampuni anaiona, mgonjwa anaifutaje, na kampuni ikiuzwa inakuwaje. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya GDPR, inayotumika tangu Mei 2018, inaweka taarifa za afya katika kundi la pekee linalohitaji ulinzi zaidi. Hata kama hamko Ulaya, kampuni inayofuata sheria hiyo kwa kawaida ina majibu tayari. Inayojibu kwa wiki tatu kwamba "faragha yenu ni muhimu kwetu" haina.

Hatua ya 4: Nani apewe, nani asubiri

Wanaofaidika kwa urahisi zaidi ni watu wazima wenye bulimia au ulaji wa kupindukia, ambao afya ya mwili imetulia na wanakuja vikaoni. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaanzishia hao kujisaidia kwa kuongozwa: mpango wa kujifunza wenyewe pamoja na vikao vifupi 4 hadi 9 vya dakika 20, ndani ya wiki 16. Programu inakaa vizuri ndani ya mpango wa namna hiyo. Ona kwamba hata humo mtu wa kuongoza yupo.

Kwa anoreksia, programu ni nyongeza ya tiba kamili na haichukui nafasi ya kikao chochote. Na kuna wagonjwa wa kusubirisha: aliye katika hatari ya kimwili, ambaye ubongo wenye njaa hauwezi kubeba kazi ya kuandika, mwenye fikra za kurudiarudia ambaye kila mlo utamchukua nusu saa kuuandika na kuusahihisha, na yule ambaye kwa miaka amekuwa akiandika kalori kwenye simu. Huyu wa mwisho msimkatalie moja kwa moja. Muulizeni: "Ukifungua programu ya chakula kwenye simu, mkono wako unataka kufanya nini?" Akijibu kwamba unataka kujumlisha, mpeni karatasi.

Kwa mtoto au kijana anayetibiwa kwa njia inayoongozwa na familia, mzazi ndiye mwenye usukani wa milo, kwa hiyo mzazi ndiye anayeandika milo. Kijana akipenda apewe sehemu yake ya kuandika hisia, na akubaliane nanyi mapema ni nini mzazi ataona. Akaunti moja inayotumiwa na wote wawili ni ugomvi unaosubiri siku.

Hatua ya 5: Ijaribuni wenyewe siku 7

Kila atakayeigusa, ikiwemo mkuu wa kitengo, aandike kila anachokula kwa siku saba, kwa wakati, pamoja na hisia, na mwenzake asome. Kufikia siku ya tatu mtaanza kuruka vitafunio. Siku ya nne mtu atagundua ameacha kula keki ya ofisini kwa sababu hataki kuiandika. Hiyo keki ni somo kubwa kuliko semina ya siku nzima, maana ndivyo kuandika kunavyobadilisha ulaji, kwa mgonjwa kwa uzuri au kwa ubaya.

Katika siku hizo pia mtajua ni kengele gani zinakera, kuna hatua ngapi kati ya kufungua simu na kumaliza kuandika (zikizidi sekunde 60 hivi, watu wataacha), na ni neno gani linaonekana kwenye skrini iliyofungwa.

Hatua ya 6: Kikao cha kuweka programu, dakika 25

Msimtumie mgonjwa kiungo na kumwambia apakue nyumbani. Fanyeni pamoja, kwenye simu yake, kwa mpangilio huu.

Kwanza simu, programu baadaye. Uliza: "Kuna kitu gani kwenye simu au saa yako kinachohesabu chochote kuhusu mwili wako?" Orodha huwa ndefu kuliko mtu alivyodhani: hatua, kalori zilizounguzwa, saa za kufunga, uzito kutoka kwenye mizani yenye bluetooth. Hesabu ya hatua ikiendelea kwenye mkono wakati mtu anaandika milo kwenye simu, atazioanisha, na programu yako imekuwa nusu ya mzani. Kubalianeni zipi zinazimwa leo. Asipokuwa tayari, andikeni hivyo na mrudi kwayo baada ya wiki mbili. Kulazimisha kunazaa simu ya pili.

Pili, pakueni na mfunge kwa namba ya siri au alama ya kidole. Kwenye mipangilio ya arifa, fanyeni maandishi yasionekane skrini ikiwa imefungwa. Kama programu inaruhusu kubadilisha maneno ya kengele, wekeni kitu kisicho na maana kwa mtu mwingine: "Dakika moja" inatosha. "Je, umekula chakula chako cha mchana?" mbele ya wafanyakazi wenzake ni siri iliyotolewa.

Tatu, zimeni ruhusa zisizohitajika: mahali alipo, anwani za simu, maikrofoni. Kama atapiga picha za chakula, hakikisheni picha haziingii kwenye albamu ya simu. Simu nyingi hupandisha albamu mtandaoni zenyewe, na albamu ya familia inaonekana na familia.

Nne, ingieni kwenye vipengele mmoja baada ya mwingine. Kalori na virutubisho: zima. Uzito na uwiano wa uzito na urefu: zima, kupimwa uzito kunabaki kliniki, mara moja kwa wiki, mkiangalia pamoja. Siku mfululizo, medali na pointi: zima. Mfululizo unaonekana kama mchezo usio na madhara, lakini kwa mtu anayeishi kwa kanuni ya yote au hakuna, siku 19 zikikatika ni sababu ya kuacha kabisa siku ya 20. Jukwaa la watumiaji: zima, labda kama lina msimamizi mnayemfahamu.

Tano, kengele. Msingi wa awali wa tiba ni kula kwa utaratibu: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila pengo kubwa la zaidi ya saa nne hivi. Kengele zifuate ratiba ya mgonjwa mwenyewe. Hapa wazungumzaji wa Kiswahili wana mtego wao: mtu anasema "saa saba mchana", anachagua 7:00, na kengele inalia saa moja asubuhi. Someni kila kengele kwa sauti kama simu inavyoionyesha, 13:00, kabla ya kufunga. Kisha nendeni kwenye mipangilio ya betri na muiondoe programu kwenye orodha ya zinazolazwa ili kuokoa chaji. Simu nyingi za Android huua kengele kimyakimya baada ya siku chache, na mgonjwa anaonekana kama ameacha kuandika.

Sita, aandike mlo wake wa mwisho palepale, nawe ukitazama. Kama ni kikombe cha chai, ni kikombe cha chai. Mwoneshe kwamba "mkate vipande viwili" inatosha, gramu hatuzitaki. Kisha sainini karatasi ya makubaliano, kila mmoja abaki na nakala.

Hatua ya 7: Kusoma

Kumbukumbu isomwe dakika 10 za mwanzo za kikao, mkiwa mmekaa upande mmoja wa skrini. Chukua siku hii ya mfano, ya mtu mwenye bulimia, wiki ya pili:

Saa 1:20 asubuhi: mkate vipande viwili, yai, chai. Mezani, na wengine. Hisia: sawa. Imeandikwa saa 1:30.
Saa 8:40 mchana: tunda moja. Kazini. "Nilikuwa na shughuli." Imeandikwa saa 8:45.
Saa 12:50 jioni: biskuti pakiti nzima, mkate, mabaki ya mchana. Chumbani, peke yangu. Nyota. Nilitapika. "Mimi ni mtu wa ajabu." Imeandikwa saa 5:05 usiku.

Jicho la mgeni linakimbilia mstari wa tatu, na la mgonjwa pia. Anzia kwingine. Kutoka saa 1:20 hadi saa 12:50 ni saa kumi na moja na nusu, na ndani yake kuna tunda. Kilichotokea jioni kiliandaliwa asubuhi. Muulize kuhusu saa 4 asubuhi: kengele ililia? Alifanya nini ilipolia? Aliona njaa? Mara nyingi jibu linafanana na "nilihisi bado nina nafasi ya kuvumilia", na hapo umepata kazi ya wiki.

Kisha angalia saa za kuandika. Milo miwili ya kwanza iliandikwa ndani ya dakika kumi. Wa tatu ulichukua zaidi ya saa nne. Usiulize "kwa nini ulichelewa?" Sema: "Naona huu ulikuwa mgumu kuuandika. Ulifanikiwa vipi mpaka saa 5 ukauandika?" Mtu aliyeweza kuandika neno "nilitapika" kabla ya kulala amefanya jambo zito, na anastahili kuulizwa kama mtu aliyelifanya.

Sentensi yake ya mwisho, ile ya "mtu wa ajabu", iache ibaki kwenye skrini mkiongea. Sehemu hiyo ya maoni ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kukauka. Wiki ya nne utaona "sawa, sawa, sawa". Ikifika hapo, punguza kuandika milo na umwombe aandike maneno kwa mlo mmoja tu kwa siku, ule mgumu zaidi.

Usitumie grafu za programu kikaoni mapema mno. Mstari unaopanda wa "milo iliyokamilika" unamfanya mtaalamu aridhike na mgonjwa aogope.

Hatua ya 8: Yanayoharibika, na chanzo chake

Kuandika kunakoma wiki ya pili au ya tatu. Chanzo cha kawaida ni kutosomwa. Uchunguzi wa mwaka 2019 wa programu za afya ya akili zinazopakuliwa na umma ulikuta kwamba kwa wastani wa kati ni asilimia 3.9 tu ya watumiaji wanaozifungua siku ya 15, na asilimia 3.3 siku ya 30. Programu bila mtu upande wa pili huachwa. Kabla ya kumwuliza mgonjwa kuhusu nidhamu yake, fungua kumbukumbu za kliniki uone mara ya mwisho mlisoma lini. Chanzo cha pili ni ile mipangilio ya betri ya Hatua ya 6.

Kumbukumbu ni safi mno. Milo sita, kila siku, saa zilezile, hisia "nzuri", na mwili hauonyeshi hivyo. Usimkamate kama mwizi. Mwambie kwamba karatasi na mwili havisemi kitu kimoja, na kwamba kumbukumbu yenye mashimo inakusaidia kuliko yenye kung'aa. Kagua kama kuna mtu mwingine anayeisoma: mzazi au mwenzi mwenye namba ya siri.

Kuandika kumegeuka dalili. Anarekebisha mlo wa juzi, anapiga picha ileile mara nne, hawezi kula hadi aandike kwanza. Simamisheni programu kwa wiki moja, rudini kwenye karatasi yenye safu tatu tu, kisha muamue upya. Hili msilichukulie kama kushindwa kwa mgonjwa. Kwa baadhi ya watu chombo hiki kina ncha kali.

Kikao kimekuwa ukaguzi. Mtaalamu anasoma orodha, mgonjwa anajitetea. Hutokea zaidi pale mtaalamu aliposoma mapema na kuja na hitimisho mfukoni. Dawa yake ni kumpa mgonjwa simu mkononi na kumwomba achague siku ya kuanza nayo.

Timu imegawanyika. Muuguzi anasoma kila siku, daktari hajawahi kuingia. Mgonjwa ataandika kwa ajili ya mmoja na kumwambia mwingine tofauti. Rudini Hatua ya 2.

Na sasisho la programu limewasha kila mlichozima. Hili litatokea. Mtu mmoja kwenye timu awe na akaunti ya majaribio, aifungue kila Jumatatu asubuhi, dakika tano, apitie mipangilio.

Hatua ya 9: Pimeni wiki ya 4, kisha pangeni mwisho

Mabadiliko ya mapema, katika wiki nne za mwanzo, ni moja ya dalili zinazoaminika kwamba tiba itafanikiwa. Kwa hiyo wiki ya 4 ndiyo ya kukaa na kuangalia: mapengo kati ya milo yamepungua? Vipindi vya kula kupindukia na kujitapisha vimepungua? Kama mnatumia EDE-Q, dodoso linalopima dalili za matatizo ya ulaji, lina maswali 28 na linauliza siku 28 zilizopita, kwa hiyo mlijaze mwanzoni na mrudie siku ya 28. Idadi ya milo iliyoandikwa msiihesabu kama mafanikio. Mtu anaweza kuandika kwa asilimia 100 na kubaki palepale. Kama hakuna mabadiliko, kinachobadilishwa ni tiba. Kubadilisha programu wakati huo ni kupoteza mwezi mwingine.

Mwisho wa kuandika upangwe tangu mwanzo. Katika tiba ya vikao 20, anzeni kupunguza katika robo ya mwisho: kwanza siku nne kwa wiki, halafu milo migumu tu, halafu wiki moja bila kuandika kabla ya kikao cha mwisho, ili wasiwasi wake uletwe mkiwa bado mnaonana. Kisha kaeni tena na simu ileile: pakueni nakala kama mgonjwa anaitaka, ombeni data ifutwe kwenye seva kupitia akaunti yenyewe (kuondoa programu kwenye simu hakufuti kitu huko), zimeni kengele, ondoeni akaunti upande wa kliniki, na mpe anwani ya kuandikia barua ya kufuta kama kampuni haitajibu ndani ya siku 30.